Stori ya Denis Burkitt, Daktari wa Jicho Moja Aliyewapa Watoi wa Kampala Dawa za Kansa Kabla ya Tiba Nyingine Yoyote

Kama una ndugu anayesomea udaktari, muulize kuhusu Burkitt uone vile atashtuka. Hilo jina huwatokea kwa mtihani kila mwaka. Na kama wewe ni wa kule Kisumu, Siaya, Homa Bay ama Busia, kuna uwezekano umewahi kumwona mtoto mwenye ugonjwa huo hata kama hukujua unaitwaje. Taya limefura upande mmoja, meno yanacheza mdomoni kama ya mzee wa miaka 90, jicho limesukumwa nje. Wengi hudhani ni jino limeoza. Kumbe ni kansa, na ni ile kansa inayokimbia kuliko zote. Uvimbe unaweza kuwa mara mbili ya ulivyokuwa kwa siku moja ama mbili tu.

Ugonjwa huo ulipewa jina la msee mmoja kutoka Ireland, na leo tunakupea maisha yake yote. Lakini wacha nikuambie mapema: hii si stori ya mzungu malaika aliyeshuka kutoka mbinguni kuokoa Afrika. Kuna mahali inakuwa tamu na kuna mahali utajikuna kichwa.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kule kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa kaunti, mtu wa barabara na madaraja, lakini akili yake yote ilikuwa kwa ndege. Alikuwa akiwavisha videge vya bustanini vipete miguuni kisha anachora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi. Majirani lazima walimwona kama mtu wa vituko. Ishike hii ya ramani, tutairudia.

Denis akiwa na miaka 11 hivi, wavulana walikuwa wakirushiana mawe shuleni. Jiwe moja likampata kwa miwani, kioo kikavunjika na kumwingia jichoni. Jicho likaenda. Maisha yake yote yaliyobaki aliishi na jicho moja, la pili likiwa la kioo.

Shuleni hakuwa mkali. Alienda Trinity College kule Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, akaona hapana, akahamia udaktari. Alimaliza 1935, na 1938 akawa amefuzu kama daktari wa upasuaji kule Edinburgh. Alikuwa pia ameokoka, wa kusali kweli kweli, na aliamini Mungu anamtaka Afrika. Akaomba kazi kwa serikali ya kikoloni ili apelekwe Afrika Magharibi. Wakamkataa. Sababu? Jicho moja. Eti mtu wa jicho moja hawezi kazi ya daktari kule.

Halafu vita vya pili vya dunia vikaja, na jeshi lenye shida ya madaktari halihesabu macho. Alichukuliwa 1941 na baadaye akaletwa huku kwetu. Alihudumu Kenya, Somalia na hadi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Kenya halikuwa jina geni kwake. Mjomba wake, Roland Burkitt, alikuwa amefanya udaktari Nairobi tangu mji ukiwa wa mabati na matope, na alikuwa na sifa ya ajabu: mgonjwa wa homa kali alikuwa anapozwa kwa maji baridi bila huruma. Watu walisema huyo dokta ama atakuponya ama atakumaliza, hakuna katikati.

Akiwa jeshini Denis alipata likizo akatembea Uganda, akaipenda. Vita vikaisha, akaomba tena kazi, na safari hii wakamchukua. Mwaka wa 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na mkewe Olive, nesi aliyekuwa amekutana naye Plymouth na kumwoa 1943. Hospitali ilikuwa ya vitanda mia moja hivi na yeye ndiye daktari wa kila kitu.

Sasa hapo Lira kulikuwa na wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angepasua, ashone, aende zake. Burkitt alikuwa anauliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba mashariki ya wilaya mabusha yamejaa na magharibi karibu hayapo, wilaya ni moja, watu ni wale wale. Unaona? Mtoto wa mtu wa ramani. Akaandika hayo kwa jarida la madaktari, na wachache sana wakajali.

Baadaye akahamishiwa Kampala, Hospitali ya Mulago. Na hapo ndipo mambo yanaanza.

Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Mtoto alikuwa amefura taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Maambukizi hayafanyi hivyo, na kansa aliyoijua yeye haifanyi hivyo. Akapiga picha, kwa sababu huyu jamaa na kamera hawakuachana, na akabaki na swali.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa kazi. Akatupa jicho dirishani, lile moja lake, akamwona mama ameketi nyasini na mtoi mwenye uso uleule. Akatoka mbio. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Mara moja ni ajabu, mara mbili ni ugonjwa. Akarudi Mulago akafukua mafaili ya zamani, na watoi wakaanza kutokea mmoja mmoja kwenye karatasi: huyu taya, yule tumbo, yule figo, yule jicho. Kila daktari alikuwa ameandika jina lake tofauti. Burkitt akasema kwa maandishi kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 akachapisha habari za watoto 38 kwa jarida la upasuaji la Uingereza. Kimya. Ni kama ameweka stori na hakuna aliyeifungua.

Wenzake wa maabara pale Mulago, hasa Mmarekani Greg O'Conor, ndio walioonyesha kwamba hii ni limfoma, kansa ya chembe za kinga ya mwili. Burkitt mwenyewe alikuwa ameiweka kwenye kundi lingine. Hakununa.

Halafu ikaja ile safari. Kwanza alipata msaada wa pauni 25, doo kidogo sana hata kwa wakati huo, akachapisha vikaratasi vyenye picha ya mtoto mgonjwa na kuwatumia madaktari wa serikali na wa misheni kote Afrika. Swali lilikuwa moja tu: umewahi kuona hii? Majibu yakaja na akaanza kuchomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikachora mshipi katikati ya Afrika, na mkia unaoteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Oktoba 1961 akawachukua madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye Ford kuukuu, wakatoka Kampala kuelekea kusini. Wiki kumi. Maili karibu 10,000, yaani zaidi ya kilomita 16,000. Walipita hospitali karibu 60 katika nchi kumi na kitu, hadi Afrika Kusini na kurudi. Williams alikuwa daktari anayejua pia kulala chini ya gari na spana, la sivyo hii stori ingeishia porini. Kila hospitali ni swali lile lile na picha zile zile.

Walichorudi nacho ni hiki: ugonjwa haufuati kabila wala chakula, unafuata joto na mvua. Palipo na baridi ya milimani haupo, palipo pakavu kabisa haupo. Hapa karibu na ikweta mpaka ulikuwa futi 5,000 hivi. Ndiyo maana mtoto wa Limuru hakuupata na mtoto wa pale Kisumu aliupata, na mama zao labda walinunua unga duka la Mhindi yule yule. Baridi inakataza nini? Mbu. Kwa hivyo macho yote yakageukia malaria, na mpaka leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara utotoni ni moja ya vitu vinavyofungulia kansa hii mlango.

Sawa, ramani imepatikana. Lakini wewe kama mzazi mtoto wako amelala Mulago, ramani itakusaidia na nini?

Hapa ndipo ninataka ukae chini.

Burkitt alikuwa mpasuaji, na kitu cha kwanza alichofanya ni kile anachojua: kukata. Alikata mataya ya watoi. Walibaki na sura iliyoharibika na uvimbe ukarudi palepale, ama ukatokea tumboni. Akaacha. Kule Ulaya na Marekani mtoto kama huyo angepelekwa kwenye mionzi, hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya kawaida ya limfoma. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi hata moja. Kwa hivyo hesabu ilikuwa hivi: mtoto akishaingia wodini na taya hilo, kilichobaki ni miezi, na mara nyingine wiki.

Wakati huohuo New York kulikuwa na daktari anaitwa Joseph Burchenal, wa Sloan-Kettering, aliyekuwa akijaribu dawa za kansa ya damu. Dawa hizo zilikuwa na shida moja ambayo inafaa uielewe. Kwa kawaida dawa mpya ya kansa hupewa mgonjwa aliyekwisha pasuliwa, akachomwa mionzi, akapewa hiki na kile, vyote vikagonga mwamba. Mwili umechoka, uboho umechakaa, kansa yenyewe imekomaa na kujifunza ujanja. Ni kama kumwingiza sub dakika ya 89 Gor ikiwa imefungwa nne bila, halafu mechi ikiisha useme huyo mchezaji hajui boli. Huwezi kujua. Labda anajua sana, ila umemwita mechi ikiwa imekwisha.

Mulago ilikuwa na watoto ambao hawakuwa wameguswa na chochote. Si kwa sababu kuna mtu aliwanyima. Hakukuwa na cha kuwanyima.

Burchenal na mwenzake Herbert Oettgen walikuja Kampala mapema miaka ya 60, na dawa inayoitwa methotreksati ikafika mikononi mwa Burkitt. Baadaye ikaja saiklofosfamaidi, iliyotengenezwa Ujerumani, binamu wa mbali wa gesi ya sumu iliyoua askari kwenye vita vya kwanza vya dunia. Halafu vinkristini, ambayo hutoka kwenye kile kimea cha Madagaska chenye maua ya waridi, kile unakiona kwa mabustani ya Mombasa na hukijali. Makampuni ya dawa yalikuwa yakitoa bure. Bure yenyewe ilikuwa na maana yake, si unajua, hakuna kampuni inayogawa bidhaa bila kutaka kujua inafanyaje.

Basi akaanza. Dozi ndogo, maana aliogopa kuwaua watoto kwa dawa kabla kansa haijawaua. Na alichoona kilimshangaza hata yeye. Taya lililofura kama embe likaanza kunywea ndani ya siku chache. Jicho linarudi mahali pake. Mtoto aliyekuwa hawezi kumeza anaomba chakula. Wengine walipewa dozi moja ama mbili tu, wazazi wakaona mtoi amepona, wakamchukua kwenda nyumbani, na Burkitt akabaki akihesabu kwamba huyo amepotea. Halafu miezi inapita, mwaka unapita, anapata habari kwamba mtoto yuko hai, anachunga mbuzi. Si wote. Wengi walirudi na uvimbe mpya, wengine uliwapanda kichwani kwenye ubongo na dawa haikufika huko, wakafa. Lakini kulikuwa na wale ambao haukurudi tena kabisa.

Wakati huo ukimwambia profesa wa London kwamba dawa peke yake, bila kisu na bila mionzi, inaweza kumaliza kansa iliyosambaa mwilini, angekuangalia tu. Dawa zilionekana za kusukuma siku. Watoto wa Mulago walikuwa kati ya wagonjwa wa kwanza kabisa duniani kuonyesha vinginevyo. Na wangekuwa wamechomwa mionzi kwanza, pengine sifa ingekwenda kwa mionzi na leo tungekuwa tunabishana.

Sasa tuje kwa ile sehemu ya kujikuna kichwa. Nani aliwauliza hao watoto? Nani aliwaeleza mama zao, kwa Luganda ama Lango ama Lusoga, kwamba kilicho kwenye sindano hakijulikani kitafanya nini? Azimio la Helsinki, ule mwongozo wa madaktari kuhusu kujaribu dawa kwa binadamu, liliandikwa 1964, na sindano za Mulago zilikuwa zimeanza kitambo. Zile fomu ndefu za kusaini unazopewa siku hizi hazikuwepo. Mama alimwona daktari mzungu, serikali ikiwa ya wazungu ama imetoka kuwa yao juzi tu, akakubali. Ama hakukataa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Upande wa pili nao una uzito. Bila dawa mtoto alikuwa anakufa, hakuna anayebishia hilo. Burkitt hakuwanyima tiba inayojulikana ili ajaribu isiyojulikana, na hapo ndipo kuna mstari mkubwa kati yake na majaribio mengine machafu ya karne ile, kama lile la kaswende kule Tuskegee Marekani, ambapo watu weusi waliachwa waugue huku dawa ipo. Mimi binafsi ningekuwa mzazi wodini ningenyoosha mkono wa mtoto wangu achomwe sindano. Lakini ningetaka kuambiwa. Hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Kitu kingine cha kumkosoa, na wenzake walimkosoa: hakuwa na mpango. Hakugawa wagonjwa makundi mawili kulinganisha. Hakuwa na vitabu safi vya hesabu. Alipewa dawa, akampa mtoto aliyekuwa mbele yake, akapiga picha kabla na baada. Yeye mwenyewe hakujidai kuwa mwanasayansi wa maabara. Ilibidi wengine waje kupanga hayo mambo vizuri.

Na usidhani mambo yalikuwa Kampala peke yake. Hapa Nairobi, kwa hospitali ile iliyokuwa King George VI na leo ni Kenyatta, kulikuwa na daktari wa pua, masikio na koo anaitwa Peter Clifford. Alikuwa akipokea watoi wenye ugonjwa huohuo na kuwapa dawa hizohizo pamoja na nyingine, kwa mkono mzito kuliko wa Burkitt. Damu na vipande vya uvimbe kutoka Nairobi vilikuwa vikipanda ndege hadi Stockholm kwa wanasayansi wa Sweden. Madaktari wa Nairobi pia ndio waliokuwa mbele kusukuma hoja ya malaria. Hilo huwa halitajwi sana, sijui kwa nini sisi huwa tunaachia Kampala sifa zote.

Tukirudi nyuma kidogo, Machi 1961 Burkitt alikuwa London kwa likizo akaalikwa kutoa mhadhara Hospitali ya Middlesex. Kwenye viti vya nyuma kulikuwa na kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akiwinda virusi. Aliposikia ugonjwa unaofuata mvua na joto, kichwa kikawaka. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kutoka Kampala. Miaka karibu mitatu hakuona kitu. Halafu siku moja ndege ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester. Sampuli ikachelewa, na ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba imeoza. Badala ya kuitupa, akaiangalia. Chembe za kansa zilikuwa zimejitenga na zinaelea hai. Kutoka kwa hizo akaotesha nyingine, na 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya, leo kinaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na kansa. Karibu sisi sote tunacho mwilini na hakitufanyi kitu. Shida ni mtoto mdogo anapokipata huku malaria inamchapa kila msimu.

Januari 1966 wakubwa wa kansa duniani walikutana Kampala kuzungumzia tiba ya ugonjwa huu. Mwaka huohuo Burkitt akafunga virago na kurudi Uingereza. Uganda ilikuwa huru tangu 1962, kazi za wakoloni zilikuwa zikiisha, na naona ni kama alijua sehemu yake imekamilika. Mwaka uliofuata, 1967, kikafunguliwa pale Mulago kituo cha limfoma kwa msaada wa Marekani, mbegu ya Taasisi ya Kansa ya Uganda. Mmarekani kijana, John Ziegler, akawa wa kwanza kukiongoza, na yeye sasa akafanya kile ambacho Burkitt hakufanya: kulinganisha, kuhesabu, kuwafuatilia watoto hadi vijijini, na kupeleka dawa kwenye uti wa mgongo ili ubongo usibaki bila ulinzi.

Idi Amin alipoanza vituko vyake wageni wakahepa. Aliyebaki na funguo ni Mganda, Charles Olweny. Huyu jamaa anastahili stori yake peke yake. Katikati ya zile noma zote za miaka ya 70 aliendelea kutibu, na akina Olweny wakaonyesha kwamba hata watoto wenye limfoma nyingine, ya Hodgkin, wanaweza kupona kwa dawa pekee bila mionzi. Kule Marekani mionzi ilikuwa bado ndiyo ya kwanza kwa wengi, na watoto walikuwa wakikua na makovu yake. Kampala haikuwa na mashine, kwa hivyo ikajua mapema kuliko matajiri.

Mwaka wa 1972 tuzo kubwa ya Lasker ilitolewa kwa kundi la madaktari waliofungua njia ya kutibu kansa kwa dawa. Burkitt alikuwemo, Burchenal na Ziegler pia, na Mwafrika mmoja, Victor Anomah Ngu wa Cameroon, aliyetibu ugonjwa huohuo Ibadan.

Na Burkitt mwenyewe? Hapa inakuwa kama sinema nyingine kabisa. Alirudi Uingereza akaingiwa na wazo jipya: kwa nini wazungu wana kansa ya utumbo, bawasiri, kuvimbiwa na mawe ya nyongo, na Waafrika wa vijijini aliowatibu miaka 20 hawana? Akarudia mchezo wake wa zamani wa kuandikia hospitali za misheni barua na kuuliza wanaona nini. Jibu lake lilikuwa makapi, zile nyuzinyuzi za chakula ambazo wazungu walikuwa wakizikoboa na kuzitupa. Akazunguka dunia akihubiri mkate wa unga usiokobolewa na maharagwe, na akawaonyesha maprofesa waliovaa suti picha za choo kikubwa kilichopigwa porini. Eh, picha za kinyesi, umesoma vizuri. Mwaka wa 1979 akaandika kitabu kuhusu hayo kikauzwa sana. Sehemu ya hoja zake imekubaliwa, nyingine ilikuwa ya haraka mno. Wazungu wengi wanamkumbuka kwa hayo, bwana wa makapi, na hawana habari ya watoi wa Mulago. Sisi wa githeri na dona tunacheka tu.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 kule Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Alimwacha Olive na mabinti watatu.

Watoto wanaendelea kuugua. Nchi tajiri, zaidi ya tisa kwa kila kumi hupona. Huku kwetu ni wachache kuliko hapo, kwa sababu mtoto hufika amechelewa, amezungushwa kwa daktari wa meno, kwa kliniki, kwa mganga, ama nauli ya kurudi kumalizia dozi imekosekana. Kisumu na Eldoret wanatibu. Na kwenye ile dripu, kati ya dawa zinazotiririka, bado iko saiklofosfamaidi, ile ile ya 1960 na kitu. Kwa hivyo ukiona mtoto wa jirani jino linacheza kabla ya umri wake na shavu linafura bila maumivu mengi, usimpeleke kung'olewa kwanza. Mpeleke hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.